Tasnifu ya jiografia baada ya mwaka wa kusoma nje: hatua kwa hatua

Kila ifikapo mwezi wa sita napata ujumbe kutoka kwa wadogo zangu wanaosoma jiografia Uingereza. "Shikamoo dada, nimemaliza mwaka wangu Ujerumani, tasnifu naianzia wapi?" "Dada, nilihoji watu kumi na wawili nikiwa Uswidi lakini sikujaza fomu ya maadili, data ile bado inafaa?" "Wenzangu wote wameshahitimu, darasa jipya simjui mtu, na msimamizi hajibu." Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa miaka kadhaa. Maswali hayabadiliki, basi leo nayaweka majibu yote mahali pamoja.

Mimi nilisoma shahada ya miaka minne: miwili ya kwanza Uingereza, wa tatu Utrecht nchini Uholanzi, wa nne nikarudi kumalizia. Ndiyo maana mifano yangu mingi inatoka Uholanzi, nchi ya mifereji na matuta ya kuzuia maji. Kama umetoka Lyon au Toronto, kazi ni ile ile, utabadilisha mto tu.

Jambo linalowaponza wengi ni kudhani kwamba tasnifu inaanza siku ya kurudi. Inaanza ukiwa bado kule. Mwenzako aliyebaki Uingereza anaweza kupanda treni Jumamosi yoyote akaenda kurekebisha kipimo alichokosea. Wewe huwezi. Hasa ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda: kibali chako cha ukaazi kikishaisha, kurudi Uholanzi kwa siku tatu za kupima kitu ulichosahau ni kuomba viza ya Schengen, na miadi, na ada, na taarifa za benki. Umeishi mahali miezi kumi, unajua soko linafunguliwa saa ngapi na mto unajaa mwezi gani. Utajiri huo utumie ukiwa bado umesimama juu yake.

Kama bado uko nje, anza na hatua ya 1. Kama umesharudi, soma hatua ya 1 mpaka ya 3 kwa makini, kisha nenda ya 6.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Mwongozo wa tasnifu wa idara yako, wa mwaka utakaowasilisha kazi. Ule uliopewa mwaka wa pili umeshapitwa na wakati: idadi ya maneno, tarehe na fomu hubadilika.
- Jina na barua pepe ya msimamizi wako, au ya mwalimu anayeratibu tasnifu kama hujapangiwa bado.
- Daftari moja la uwandani lenye jalada gumu, na penseli mbili. Wino na mvua ya Ulaya havipatani.
- Laptopu yenye QGIS ya kuchorea ramani na Zotero ya kutunzia marejeo. Zote mbili ni za bure.
- Sehemu mbili za kuhifadhia data: hifadhi ya mtandaoni ya chuo chako cha Uingereza na diski ya nje. Usitegemee akaunti ya chuo ulichotembelea, maana hiyo itafungwa.
- Simu yenye nafasi ya kutosha ya sauti na picha, na eneo likiwa limewashwa kwenye kamera.

Hatua ya 1. Soma masharti kabla ya kupenda mada

Fanya hivi mwezi wa kwanza au wa pili ukiwa bado nje. Fungua mwongozo utafute majibu ya maswali manne: maneno mangapi (idara nyingi huzunguka 10,000), tarehe ya kuwasilisha, fomu zipi lazima zipitishwe kabla ya kwenda uwandani, na kama wanafunzi wa mwaka wa nje wana utaratibu wao. Kuna idara zinazotaka pendekezo la utafiti liwasilishwe kwa barua pepe mwezi wa tatu, nyingine zinasubiri urudi. Ukikosa tarehe ya pendekezo kwa sababu ulikuwa nje, hakuna atakayekuhurumia. Wataona ulitumiwa barua pepe kama wengine.

Kama uko Uingereza kwa viza ya mwanafunzi, andikia pia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako uwaeleze utakuwa wapi kiangazi na kwa muda gani. Majibu yao yahifadhi kwa maandishi.

Hatua ya 2. Chagua swali dogo ulilokuwa ukilipita kila siku

Hapa ndipo nakaa muda mrefu na kila anayeniandikia, kwa sababu tasnifu mbaya nyingi zilikufa kwenye swali.

Swali la kwanza nililompelekea msimamizi wangu lilikuwa "Mabadiliko ya tabianchi na mafuriko Uholanzi". Hicho ni kichwa cha mkutano wa mawaziri. Nikaambiwa nipunguze. Nikaleta "Usimamizi wa mto Waal". Nikaambiwa nipunguze tena.

Nilichokuwa nacho kichwani lakini sikukiona kama mada ni Lent, mtaa ulio ng'ambo ya mto huo wa Waal, mkabala na mji wa Nijmegen. Nilikuwa nikienda huko mara kwa mara, karibu saa moja kwa treni kutoka Utrecht, kumtembelea rafiki. Mwaka 1995 mito ilijaa mpaka watu wapatao 250,000 wakahamishwa makwao. Baada ya hapo serikali iliamua kwamba, badala ya kuyapandisha matuta juu zaidi kila mara, mto upewe nafasi. Pale Lent tuta lilisogezwa mita 350 kuelekea ndani, nyumba kama 50 zikaondolewa, ukachimbwa mfereji wa pembeni, na kipande cha ardhi kikabaki katikati kama kisiwa. Leo ukienda jioni ya joto utakuta watoto wanaogelea pale palipokuwa bustani za watu.

Swali langu la mwisho likawa hili: wakazi wa Lent waliobaki baada ya tuta kusogezwa wanautumiaje ukingo mpya wa mto, na wanauzungumziaje ule wa zamani? Ni mtaa mmoja, kundi moja la watu na vitu viwili vya kuuliza. Hilo linabebeka kwa maneno 10,000.

Lipime swali lako hivi. Ukilisema, je, naweza kuweka kidole kwenye ramani mahali litakapojibiwa? Naweza kusema utahesabu, utapima au utamuuliza nani nini? Na ukipewa wiki tatu, utamaliza? Kama moja ya majibu ni hapana, punguza tena.

Kosa la kawaida: kuandika simulizi ya safari. Kwamba uliipenda Barcelona si swali la utafiti. Mtahini hatafuti ulivyojisikia, anataka kujua jambo gani kuhusu mahali pale halikuwa wazi na wewe umelifafanuaje.

Kosa jingine: kulazimisha ulinganisho na Uingereza ili ionekane mwaka wa nje ulikuwa na maana. Nilishawishika sana. Mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 yaliua watu 1,836 Uholanzi na 307 Uingereza, bahari ile ile, dhoruba ile ile, na ulinganisho ulionekana unaniita. Lakini kulinganisha maeneo mawili ni kukusanya data mara mbili kwa mbinu zile zile. Ukiwa na kiangazi kimoja, chagua eneo moja ulifanye vizuri. Hilo jingine lipe aya moja kwenye mjadala.

Hatua ya 3. Kibali cha maadili kwanza, mahojiano baadaye

Naomba usome sehemu hii mara mbili.

Ukihoji watu, ukigawa dodoso au ukirekodi sauti kabla kamati ya maadili ya idara yako haijakupa kibali, data hiyo kwa kawaida huwezi kuitumia. Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma. Haijalishi chuo ulichotembelea kilikuruhusu kuhoji watu kwa ajili ya kozi yao. Tasnifu ni ya chuo chako, na kibali kinatoka huko.

Jaza fomu wiki sita kabla ya siku unayotaka kuanza. Watataka kujua utamhoji nani, utampataje, utamweleza nini, sauti yake itakaa wapi na itafutwa lini. Ambatanisha karatasi ya maelezo ya ukurasa mmoja, fomu ya ridhaa na maswali yako. Andika karatasi ya maelezo kwa lugha ambayo jirani yako wa kule angeielewa. Yangu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu ilijaa maneno ya darasani.

Pamoja nayo iko fomu ya tathmini ya hatari. Usiandike "hakuna hatari". Kama utatembea kando ya mto peke yako jioni, andika hivyo, kisha andika nani atajua uliko na utampigia saa ngapi.

Kwa wale wanaopanga kutumia kiangazi kwenda nyumbani kufanya utafiti: kibali cha chuo cha Uingereza hakitoshi. Tanzania vibali vya utafiti hupitia COSTECH, Kenya ni NACOSTI (tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo), na Zanzibar ina utaratibu wake. Ukishuka chini bado utahitaji kupita ofisi ya wilaya, kisha kata, kisha mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na barua mkononi. Usidhani kuzaliwa pale kunakuondolea hayo. Mwenyekiti anayekujua tangu mtoto ndiye atakayeuliza kwanza barua iko wapi, na ana haki.

Hatua ya 4. Kusanya kabla hujafunga mabegi

Weka wiki tatu kamili baada ya mitihani na kabla ya kukabidhi chumba. Usizichanganye na safari za kuagana. Mimi mwenye nyumba alitaka funguo mapema kuliko nilivyopanga, nikamalizia siku za mwisho nikilala kwenye sofa la rafiki. Kwa hiyo muulize mwenye nyumba wako tarehe mapema.

Daftari ndilo litakalokuokoa miezi sita baadaye. Kila ukifika uwandani, kabla ya kitu chochote, andika tarehe, saa, mahali ulipo, hali ya hewa. Kisha gawa ukurasa kwa mstari wa wima: kushoto unachokiona, kulia unachokifikiri. Ukurasa wangu mmoja kushoto unasema: "Saa 10 jioni, jua kali, upande wa Lent. Watu 34 majini na mchangani, 3 tu juu ya tuta. Bibi mmoja na mbwa, amesimama anatazama, hajashuka." Kulia nimeandika: "Muulize nyumba yake ilikuwa wapi." Nilimuuliza. Mazungumzo yale yakaja kuwa uti wa mgongo wa sura yangu ya matokeo, na bila ule mstari wa kushoto nisingekumbuka hata kama alikuwa amesimama au amekaa.

Kama unahesabu watu au magari, simama mahali pale pale kwa dakika 20 zile zile, asubuhi, mchana na jioni, siku za kazi na wikendi. Hesabu moja ya Jumamosi yenye jua haisemi kitu.

Kama unahoji, jiulize unampata nani na unamkosa nani. Mimi nilihoji kwa Kiingereza. Waholanzi wengi wanakizungumza, lakini wanaokizungumza kwa raha mbele ya kinasa sauti mara nyingi ni vijana na waliosoma zaidi. Wazee walioondolewa nyumba zao, ambao ndio nilikuwa nawahitaji, walisitasita. Nilimwomba rafiki yangu akae nami kwenye mahojiano manne kama mkalimani, nikaomba idhini ya kamati kwa mabadiliko hayo kwanza. Lieleze hilo kwenye sura ya mbinu. Mtahini akiliona umelieleza mwenyewe, ni hoja yako. Akiligundua yeye, ni kosa lako.

Jina la mtu usiliandike kwenye faili la sauti. Mpe namba, na orodha ya majina na namba iweke mahali pengine. Jioni ile ile hamishia sauti kwenye hifadhi ya chuo, hakikisha inafunguka, kisha ifute kwenye simu.

Tahadhari ya picha: usijitumie picha za uwandani kwa WhatsApp. Zikipita huko kama picha za kawaida zinabanwa, na taarifa za saa na eneo zinapotea. Zihamishe kwa waya.

Hatua ya 5. Beba maktaba na ofisi zao

Wiki ya mwisho, kaa maktaba ya chuo cha kule siku nzima na upakue kila kitu ambacho chuo chako hakina: vitabu vya nchi ile, ripoti za manispaa, ramani za zamani. Andika kwenye Zotero hapo hapo umekipata wapi na tarehe gani.

Nchi nyingi za Ulaya zinaweka data zao wazi, kwa hiyo si lazima upakue zote, ila ujue zinaitwaje na ziko wapi. Uholanzi ina PDOK kwa ramani, CBS kwa takwimu za watu hadi ngazi ya mtaa, na AHN, ambayo ni vipimo vya urefu wa ardhi ya nchi nzima vilivyochukuliwa kwa leza kutoka angani, kila nusu mita. Kabla hujaondoka, mwombe mwalimu mmoja wa kule dakika 20 akuonyeshe wao wanazitumiaje. Mazungumzo hayo yalinifaa kuliko kozi niliyolipia.

Hatua ya 6. Wiki mbili za kwanza ukirudi

Omba miadi na msimamizi wiki ya kwanza, usisubiri akuite. Nenda na karatasi moja: swali lako, ulichokusanya (mahojiano mangapi, hesabu ngapi, ramani zipi), na mambo mawili yanayokutia wasiwasi. Usiende na simulizi ya mwaka mzima. Ana wanafunzi wengi na dakika 30.

Muulize moja kwa moja: "Kwa data hii, swali hili linajibika?" Kama hapana, rekebisha swali lilingane na data. Kwenye shahada ya kwanza hilo linaruhusiwa na ni la busara. Data huwezi kuirudia, swali unaweza.

Darasa jipya litakuwa geni, na hilo linauma kuliko watu wanavyosema. Tafuta wawili watatu waliokuwa nje mwaka ule ule, hata kama ni wa historia au lugha, mkae pamoja maktaba mara moja kwa wiki. Sisi tulikuwa wanne, tulikutana kila Jumatano, na hakuna aliyechelewa kuwasilisha.

Hatua ya 7. Chambua data

Sauti iandike neno kwa neno mapema. Saa moja ya mazungumzo ilinichukua saa tano kuiandika. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinasaidia, ila hakikisha chuo chako kinairuhusu hiyo unayotaka kutumia, kwa sababu sauti ya mtu aliyekuamini haipakiwi popote tu. Kisha soma maandishi yote mara mbili bila kuweka alama yoyote. Mara ya tatu ndipo uanze kuweka rangi: kila wazo linalojirudia na rangi yake.

Kama ulihoji kwa Kiswahili au lugha nyingine, chambua kwa lugha ile ile na utafsiri tu dondoo utakazozitumia. Neno kama "ufuoni" au "bondeni" linabeba mambo ambayo tafsiri inayaacha.

Kwa upande wa ramani, nitaeleza nilichofanya kwa AHN, maana kuna mitego mitatu. Nilichukua vipimo vya awamu ya pili, vilivyokusanywa kati ya 2007 na 2012, na vya awamu ya tatu, kati ya 2014 na 2019. Kwenye QGIS nikatoa vya zamani kwenye vipya, na ramani ikaonyesha wazi tuta lilipohama. Mtego wa kwanza: leza ya kawaida haioni chini ya maji, kwa hiyo kwenye mto utapata matundu matupu. Usiyajaze kwa kubuni. Wa pili: tofauti ya sentimita chache usiijengee hoja, hiyo iko ndani ya kosa la kifaa. Wa tatu: awamu moja ilipimwa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo tafuta mwaka halisi eneo lako lilipopimwa uuandike chini ya ramani.

Hatua ya 8. Andika, na anza na mbinu

Usianze na utangulizi. Anza na sura ya mbinu, kwa sababu tayari unajua ulichofanya, na daftari liko mezani. Baada ya hapo andika matokeo, kisha mapitio ya maandiko, kisha mjadala. Utangulizi uje mwisho, ukishajua unamtambulisha nani.

Mgawanyo uliofanya kazi kwangu kwa maneno 10,000: utangulizi 900, mapitio 2,000, mbinu 1,600, matokeo na mjadala 4,700, hitimisho 800. Wanaorudi kutoka nje huandika maneno 3,000 ya historia ya eneo kwa kuwa wanalipenda. Lipe kurasa mbili na ramani moja nzuri.

Ndani ya mbinu weka aya ya nafasi yako kama mtafiti. Iandike kwa ukweli. Mimi Mtanzania nikiuliza habari za mto pale Lent, watu walinieleza kuanzia mwanzo kabisa, mambo ambayo wasingemweleza Mholanzi mwenzao kwa kudhani anayajua. Hilo lilinipa data nzuri. Wakati huo huo, siasa za manispaa walinificha kwa adabu. Yote mawili niliyaandika.

Hatua ya 9. Wiki tatu za mwisho

Rasimu nzima impate msimamizi kwa tarehe aliyoitaja, hata kama sura moja ina mapengo. Kisha kagua ramani: kila moja iwe na skeli, kaskazini, ufunguo, chanzo cha data na mwaka. Chapisha ukurasa wa ramani kwa rangi nyeusi na nyeupe uone kama bado inasomeka. Majina ya kule yaandike kama wenyewe wanavyoyaandika, na yawe yale yale kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Siku mbili kabla ya kuwasilisha, geuza faili kuwa PDF ulipitie kwenye kompyuta nyingine.

Ukikwama

*Ramani mbili hazikai pamoja, moja iko baharini.* Mifumo ya koordineti imetofautiana, na kila mfumo una namba yake ya EPSG. Data za Uholanzi huja kwa EPSG:28992, za Uingereza kwa EPSG:27700, na za simu yako kwa EPSG:4326. Kwenye QGIS hifadhi upya kila safu kwa mfumo mmoja, ule wa nchi unayoichora. Usiiburute kwa mkono mpaka ionekane imekaa.

*Urefu wa ardhi haulingani na kipimo kingine.* Angalia sifuri imewekwa wapi. Uholanzi hupima kutoka NAP, usawa wa Amsterdam. Uingereza hupima kutoka usawa wa Newlyn. Sifuri ya huku si sifuri ya kule.

*Nilihoji bila kibali.* Mwambie msimamizi leo. Usifiche, na usibadilishe tarehe kwenye fomu za ridhaa, maana hapo umetoka kwenye kosa dogo ukaingia kwenye udanganyifu. Mara nyingi mahojiano yatawekwa kando, lakini data za wazi, nyaraka za serikali na picha za setilaiti zinabaki. Nimeona tasnifu nzuri ikijengwa upya kwa hizo.

*Nimerudi na mahojiano manne tu.* Manne marefu yanaweza kutosha ukiyaunganisha na nyaraka: kumbukumbu za mikutano ya manispaa, magazeti ya mtaa, ramani za zamani. Ukitaka kuongeza mengine kwa simu au video, omba kwanza marekebisho ya kibali.

*Akaunti ya chuo cha kule imefungwa na makala yamebaki humo.* Peleka orodha kwa mkutubi wa chuo chako aombe kwa mkopo wa maktaba nyingine. Ukishindwa, mwandikie mwandishi wa makala mwenyewe, sentensi tatu za heshima. Wengi hutuma siku hiyo hiyo.

*Sauti imejaa upepo.* Sikiliza kwa spika za masikioni, andika unachosikia, na pasiposikika andika "haisikiki". Usikisie maneno ya mtu. Wengine uwahoji nyuma ya ukuta au ndani ya mgahawa mtulivu.

*Nyaraka ni za Kiholanzi na mimi nasoma kidogo tu.* Tumia programu ya kutafsiri ili kujua ukurasa upi unakuhusu, kisha aya zile chache unazotaka kuzinukuu mpe mtu anayeijua lugha azipitie. Kwenye tasnifu sema nani katafsiri na kwa njia gani. Maneno ya kiofisi yana hila: *uiterwaard* mashine inaweza kukuandikia bonde au shamba tu, kumbe ni ile ardhi iliyo kati ya mto na tuta, ambayo imeachwa kwa makusudi ili maji yakija yapate pa kulala.